Vita Kuu ya Kwanza: ilivyozuka Ulaya na ilivyoamuliwa ifike kwetu

Kila nikisahihisha insha za historia za vijana wa kidato cha nne hukuta mpangilio ule ule. Ukurasa wa kwanza una sababu za Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia: mashindano ya silaha, miungano ya kijeshi, uroho wa makoloni, na risasi za Sarajevo. Ukurasa wa pili una athari zake kwa Afrika Mashariki: Ujerumani ilinyang'anywa koloni lake, Waingereza wakalichukua, watu wengi wakafa. Majibu hayo si ya makosa, na mwanafunzi hupata alama zake. Kinachokosekana ni kile kilicho kati ya kurasa hizo mbili, yaani namna ugomvi wa Austria na Serbia ulivyomfikia mkulima wa Ugogo aliyekufa kwa njaa mwaka 1919, wakati bunduki zilikwisha kunyamaza. Wanafunzi huandika kana kwamba jambo hilo lilijiendea lenyewe, kama maji yanavyoteremka bondeni. Mimi sioni hivyo. Vita ya Ulaya ilikuwa na sababu zake, na vita ya huku ilikuwa na sababu zake nyingine, zilizoamuliwa na watu wachache wanaojulikana kwa majina. Na mateso yaliyowapata wazee wetu yalitokana zaidi na maamuzi hayo kuliko na mauaji ya Sarajevo.

Nitapita haraka kwenye sababu za Ulaya kwa kuwa zimeandikwa mno. Mwaka 1871 Ujerumani, baada ya kuishinda Ufaransa, iliungana kuwa dola moja na kuchukua majimbo ya Alsace na Lorraine, na tangu siku hiyo Ufaransa haikusahau. Mwaka 1882 Ujerumani, Austria-Hungaria na Italia zilifunga mapatano ya kusaidiana. Mwaka 1894 Ufaransa na Urusi zikajibu kwa mapatano yao. Mwaka 1904 Uingereza ikapatana na Ufaransa, na mwaka 1907 na Urusi. Mwaka 1906 Waingereza walishusha majini manowari ya aina mpya, Dreadnought, iliyofanya meli zote za vita zilizotangulia zionekane chakavu, na Wajerumani nao wakaanza kuunda za kwao kwa kasi. Katika nchi za Balkani, Austria iliinyakua Bosnia mwaka 1908, kisha vita mbili za 1912 na 1913 zikaiacha Serbia ikiwa kubwa zaidi na yenye kiburi zaidi. Tarehe 28 Juni 1914 kijana Gavrilo Princip alimuua kwa bastola mrithi wa kiti cha enzi cha Austria, Franz Ferdinand, pamoja na mkewe Sophie. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 28 Julai, Austria ilitangaza vita dhidi ya Serbia. Urusi ikasimama upande wa Serbia. Ujerumani ikatangaza vita dhidi ya Urusi tarehe 1 Agosti na dhidi ya Ufaransa tarehe 3. Na ilipoingiza majeshi Ubelgiji, nchi ambayo mataifa makubwa yalikwisha kuahidi tangu 1839 kwamba haitaguswa, Uingereza nayo ikaingia vitani tarehe 4 Agosti.

Katika mlolongo huo, jambo ninalolipa uzito kuliko mengine ni mipango ya kijeshi iliyokwisha kuandikwa zamani. Majenerali wa Ujerumani walikuwa na mpango mmoja tu wa maana wa vita kubwa, nao uliwataka waipige Ufaransa kwanza, kupitia Ubelgiji, kabla Urusi haijamaliza kukusanya askari wake kwa reli. Mpango wa namna hiyo hauwapi wanadiplomasia wiki mbili za kuzungumza. Aliyechelewa siku tatu alijiona ameshashindwa, na kwa hiyo kila mmoja alikimbilia kuwa wa kwanza.

Je, makoloni yalikuwa chanzo? Vitabu vyetu vya shule huliweka jambo hili juu kabisa, na naelewa kwa nini. Ugomvi wa Ujerumani na Ufaransa juu ya Moroko mwaka 1905 na tena 1911 ulizidisha chuki na kuwasukuma Waingereza na Wafaransa wakae karibu zaidi. Hata hivyo, kufikia 1913 Uingereza na Ujerumani zilikuwa zikizungumza kwa utulivu namna ya kugawana makoloni ya Ureno iwapo Ureno ingeshindwa kulipa madeni yake. Waliokuwa wakigawana mali ya mtu wa tatu hawakuwa karibu kupigana kwa ajili ya Tanga au Mombasa. Zaidi ya hayo, Mkataba wa Berlin wa 1885, ule ule uliohalalisha kugawanywa kwa bara letu, ulikuwa na vifungu vilivyoruhusu nchi za bonde la Kongo na eneo la biashara huria lililofika hadi Bahari ya Hindi zibaki nje ya vita endapo wenye makoloni wangepigana kwao. Gavana wa Afrika Mashariki ya Kijerumani, Heinrich Schnee, alilitegemea hilo. Alikuwa na koloni lililoanza kuleta faida, reli ya kati ilikuwa imefika Kigoma mapema mwaka ule wa 1914, na mji wa Dar es Salaam ulikuwa ukijiandaa kwa maonesho makubwa ya mwezi Agosti. Hakutaka vita, na pia alikumbuka Maji Maji, iliyokwisha miaka saba tu nyuma. Alijua kuwa serikali inayowapa Waafrika wengi bunduki na kuwavunjia mashamba yao inacheza na moto.

Basi vita ililetwa na nani? Kwa upande mmoja, na London. Wakubwa wa Uingereza waliona kwamba bandari na minara ya simu ya upepo katika makoloni ya Kijerumani ingeweza kuongoza meli za adui ziwinde meli za biashara baharini, na siku moja tu baada ya kutangaza vita walikwisha kuunda kamati ya kupanga mashambulizi dhidi ya makoloni hayo. Tarehe 8 Agosti manowari Astraea ilitokea mbele ya Dar es Salaam na kuupiga mizinga mnara wa simu. Kwa upande mwingine, vita ililetwa na Luteni Kanali Paul von Lettow-Vorbeck, aliyefika nchini Januari 1914 kuongoza jeshi la koloni, lenye Wajerumani mia mbili na ushei na askari Waafrika wapatao 2,500. Hoja yake ilikuwa rahisi, na kwa mtazamo wa askari wa Kijerumani ilikuwa na akili: koloni haliwezi kuokolewa, kwa sababu litaamuliwa na matokeo ya Ulaya, lakini kila askari wa Uingereza atakayelazimika kuja kupigana Afrika ni askari aliyepungua Ufaransa. Kwa hoja hiyo, ushindi haukuwa kumfukuza adui. Ushindi ulikuwa ni kumfanya adui abaki, alete watu zaidi, na atumie fedha zaidi, kwa muda mrefu iwezekanavyo. Tarehe 15 Agosti majeshi yake yalivuka mpaka na kuiteka Taveta. Schnee alilalamika, wakagombana karibu kila hatua, na kanali akashinda ubishi.

Naomba msomaji atafakari maana ya hoja hiyo kwa mtu wa Kondoa au wa Lindi. Vita ambayo lengo lake ni kudumu haina mwisho wa kawaida. Haimaliziki kwa kutekwa mji mkuu wala kwa kuangushwa ngome. Nchi yenyewe, pamoja na nafaka yake, ng'ombe wake na migongo ya watu wake, ndiyo inayogeuzwa kuwa akiba ya kurefusha muda.

Mapigano yenyewe yamesimuliwa sana, hasa yale ya Tanga ya tarehe 2 hadi 5 Novemba 1914, ambapo kikosi cha askari wapatao 8,000 kilicholetwa kutoka India kilirudishwa baharini na watu wasiozidi kama elfu moja, huku nyuki wakiwauma wa pande zote mbili, na Wajerumani wakaokota bunduki mamia, bunduki za rashasha 16 na risasi 600,000. Ngawira hiyo iliwapa uwezo wa kupigana mwaka mzima zaidi. Vivyo hivyo manowari ya Kijerumani Königsberg, ambayo Septemba 1914 iliizamisha Pegasus ya Waingereza katika bandari ya Unguja, ilijificha katika delta ya Rufiji hadi ilipoangamizwa Julai 1915. Mizinga yake kumi ikaopolewa na kuzungushwa nchi nzima kwa kuvutwa na watu. Simulizi hizi husisimua, na pengine ndiyo sababu zimeficha mambo mengine.

Mwaka 1916 ndio uliobadilisha kila kitu. Jenerali Jan Smuts wa Afrika Kusini alikuja kuongoza majeshi ya Uingereza, akavuka Kilimanjaro mwezi Machi, na kufikia tarehe 4 Septemba Dar es Salaam ilikuwa mikononi mwa Waingereza. Wabelgiji, wakitokea Kongo kupitia Ruanda na Urundi, waliingia Tabora tarehe 19 Septemba. Hapa tena palikuwa na sababu zisizohusiana na Sarajevo hata kidogo. Smuts alitumaini kuibadilisha sehemu ya ardhi hii na Wareno ili Afrika Kusini ipate kusini mwa Msumbiji pamoja na bandari ya Delagoa. Wabelgiji nao walitaka kitu cha kubadilishana ili wapate ardhi zaidi mdomoni mwa Mto Kongo. Nchi ya watu ikawa hela ya kununulia nchi nyingine. Von Lettow-Vorbeck hakusalimu amri. Alirudi nyuma kuelekea kusini, akapigana Mahiwa karibu na Lindi mwezi Oktoba 1917 katika mapigano yaliyowaua na kuwajeruhi zaidi ya watu 2,000 upande wa Waingereza, akavuka Ruvuma kuingia Msumbiji mwezi Novemba, akazunguka huko kwa miezi mingi, akarudi, akaingia Rhodesia ya Kaskazini, na akaweka silaha chini Abercorn, ambayo leo ni Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya Ulaya kunyamaza. Askari Waafrika waliobaki naye hawakuzidi 1,200.

Sasa nije kwenye jambo ambalo kwangu ndilo kiini cha athari zote, nalo ni uchukuzi. Nchi hii ilikuwa na reli mbili tu, ya Tanga hadi Moshi na ya Dar es Salaam hadi Kigoma, na zote mbili ziliharibiwa kwa makusudi na Wajerumani walipokuwa wakirudi nyuma. Barabara za magari zilikuwa chache, na masika yalizigeuza matope. Farasi, nyumbu na ng'ombe wa kukokota walikufa kwa maelfu kwa ndorobo, ugonjwa unaoletwa na mbung'o. Ikabaki njia moja: kichwa na mabega ya mwanadamu. Mpagazi alibeba mzigo wa kilo 25 hivi, na yeye mwenyewe alihitaji karibu kilo moja ya chakula kila siku. Hesabu yake ni ya darasa la nne. Kikosi kikiwa umbali wa mwendo wa siku kumi kutoka kituo cha reli, mpagazi anayebeba unga na asiyepata chakula njiani atakula kilo kumi akienda na kumi akirudi, na kitakachomfikia askari ni kilo tano. Kwa hiyo jeshi lilipozidi kusonga mbele, idadi ya wapagazi iliongezeka kwa kiwango cha kutisha. Ama sivyo, walipunguziwa chakula. Yote mawili yalifanyika.

Kwa jumla upande wa Waingereza uliwachukua watu wanaokaribia milioni moja kwa kazi hii, kutoka Kenya ya leo, Uganda, Nyasaland (Malawi ya leo), Rhodesia ya Kaskazini, Zanzibar, na hasa kutoka katika nchi yenyewe iliyokuwa ikitekwa. Hesabu rasmi ya waliokufa inakaribia 95,000, na watafiti wengi wanaiona kuwa ndogo, kwa sababu waliotoroka wakafia porini na waliokufa baada ya kurudi nyumbani hawakuandikwa. Waliotoka Kenya peke yao waliokufa walizidi 40,000. Walioangushwa na risasi walikuwa wachache mno. Wengi waliuawa na kuhara damu, malaria, na homa ya mapafu. Walipewa unga wa mahindi uliosagwa vibaya, wakapika haraka jioni wakiwa hoi, na matumbo yaliyozoea ndizi au mtama yakaharibika. Waganda walioletwa kutoka kwenye nchi ya matoke walikufa kwa wingi kwa sababu hiyo. Watu wa milimani kwenye baridi waliletwa kwenye mabonde ya malaria, na watu wa pwani wakapelekwa kulala kwenye mvua ya nyanda za juu wakiwa na blanketi moja. Kamanda wa kikosi cha wapagazi, Oscar Watkins, alilalamika mara nyingi kwa wakubwa wake juu ya chakula na matibabu, na kuna mambo aliyofanikiwa kuyarekebisha, lakini jeshi lililokuwa likimkimbiza von Lettow halikuwa na subira ya kungoja.

Namna walivyopatikana ni jambo la pekee. Mwanzoni waliitwa kwa hiari, wakaja vijana waliotaka mshahara wa kulipia kodi. Habari za vifo zilipofika vijijini, hiari ilikwisha. Mwaka 1915 serikali ya Kenya ilitunga sheria ya kuwalazimisha watu, na mwaka 1917 John Ainsworth aliwekwa kusimamia ukusanyaji mkubwa uliowazoa karibu wanaume wote wenye nguvu katika wilaya nyingi. Machifu na majumbe walipewa idadi ya kutoa, nao waliijaza kwa watoto wa maskini, wageni, na mahasimu wao. Hapo ndipo zilipopandwa chuki za ndani ambazo serikali ya baadaye ilizivuna. Pwani, Wagiriama walikwisha kukataa mapema: Agosti 1914, wakati vita inaanza, serikali ilikuwa tayari inagombana nao juu ya kutoa vijana kwa kazi, na Kaya Fungo, mahali pao patakatifu, ililipuliwa kwa baruti. Huko Nyasaland mchungaji John Chilembwe aliandika barua kwa gazeti akihoji kwa nini Waafrika wafe kwa vita isiyowahusu, na Januari 1915 akaongoza uasi uliogharimu maisha yake. Upande wa Wajerumani hali ilikuwa mbaya zaidi, kwa maana wapagazi wao hawakuhesabiwa kabisa. Walikamatwa njiani, wakatembea wakiwa wamefungwa kamba shingoni ili wasitoroke, na hawakulipwa.

Hutumiwa methali ya tembo na nyasi kueleza vita hii. Naiona haitoshi, kwa sababu nyasi hukanyagwa pale zilipo, lakini hawa waliamshwa, wakafungwa mizigo, na kuwachukua tembo hadi mahali pa kupigania. Kambi yao ya Dar es Salaam ndiyo asili ya Kariakoo, na ya Nairobi ndiyo asili ya Kariokor. Lakini sanamu iliyosimamishwa katikati ya Dar es Salaam mwaka 1927 ni ya askari mwenye bunduki. Nairobi walau walimweka mpagazi pembeni mwa askari wawili.

Madhara hayakuishia kwa waliochukuliwa. Mwanamume akiondoka wakati wa kulima, shamba linabaki na mke, wazee na watoto, na mavuno hupungua. Kisha jeshi linapita na kuchukua kile kidogo kilichovunwa. Hakuna mahali palipoonesha jambo hili waziwazi kuliko Ugogo. Wajerumani waliokuwa wakirudi nyuma kwa reli ya kati walichukua ng'ombe na nafaka. Waingereza walipofika Dodoma walifanya nchi hiyo kuwa kituo cha kulishia majeshi yaliyoelekea Iringa, wakachukua ng'ombe wengine, nafaka nyingine, na wanaume kwa maelfu. Ugogo ni nchi ya mvua haba, na kinga yake dhidi ya ukame ilikuwa ni mifugo ya kubadilishana na nafaka za jirani. Kinga hiyo ilipoondolewa, na mvua za mwishoni mwa 1918 na mwanzoni mwa 1919 ziliposhindwa, ikaja njaa ambayo Wagogo waliiita Mtunya. Inakadiriwa kuwa watu 30,000 walikufa kati ya watu wapatao 150,000. Nawaambia wanafunzi wangu kwamba ukame huo haukuwa wa kwanza wala mkali kuliko yote Ugogo ilivyowahi kuona. Kilichokuwa kipya ni kwamba safari hii hapakuwa na kitu cha kuuza. Ruanda nayo, iliyopitiwa na Wabelgiji na kutolewa wapagazi na vyakula, ilipatwa na njaa ya Rumanura katika miaka hiyo hiyo.

Kusini, watu wa Lindi, Songea na Ruvuma walikuwa hawajapona njaa iliyoletwa na Wajerumani kwa makusudi baada ya Maji Maji, walipoanza kuporwa upya. Daktari mmoja wa jeshi hilo la Kijerumani, Ludwig Deppe, aliandika baada ya vita, kwa uchungu unaoonekana, kwamba walikuwa wakiacha nyuma yao mashamba yaliyoharibiwa, maghala matupu, na njaa. Ni nadra kusikia ushahidi kama huo kutoka kwa upande uliofanya. Wasifu wa von Lettow kama shujaa asiyeshindwa, uliopendwa sana Ujerumani, haukupata nafasi ya kuutaja.

Juu ya watu hao waliodhoofika likaja gonjwa la mafua la mwaka 1918. Liliingia kwa bandari, likapanda reli, likasambazwa na wapagazi na askari waliokuwa wakirudi makwao. Huko Kenya watafiti wamekadiria vifo vinavyofika 150,000. Kitaalamu ugonjwa huo haukusababishwa na vita, lakini ni vita iliyowakusanya watu wa nchi nne katika kambi moja kisha ikawatawanya kila kijiji.

Kuna athari nyingine ambazo ni ndogo kwa kulinganisha, ingawa zina mvuto wake. Meli za Waingereza zilipoifunga pwani, nguo za kaniki na amerikani ziliadimika madukani, na katika kituo cha utafiti cha Amani, milimani Usambara, Wajerumani walitengeneza sabuni, mishumaa, na kwinini kutokana na magome ya miti waliyoipanda huko. Fedha zilipokwisha, karakana ya reli ya Tabora ilichonga mwaka 1916 sarafu za shaba na hata za dhahabu za rupia 15 zenye picha ya tembo, ambazo leo hununuliwa kwa bei kubwa na wakusanyaji. Mwananchi wa kawaida alipewa noti za karatasi, zenye thamani iliyosimama juu ya ahadi ya serikali iliyokuwa ikikimbia. Wamisionari wa Kijerumani waliwekwa kizuizini na wengi wakaondolewa nchini. Shule zikafungwa, lakini sehemu nyingi za Uchagga na Usambara walimu Waafrika waliendelea kuongoza ibada na madarasa bila msimamizi, na baadaye haikuwa rahisi kuwaambia kwamba hawawezi. Kiswahili nacho, kilichokuwa lugha ya maakida na makarani, kilienea kambini na njiani, kwa kuwa Mkamba, Mnyamwezi na Mluo waliobeba sanduku moja hawakuwa na lugha nyingine ya kuelewana.

Kenya ilibaki chini ya bendera ile ile, lakini ilibadilika kisiasa kuliko watu wanavyodhani. Kodi ya kibanda ilipandishwa kutoka rupia 3 hadi 5 wakati wa vita, kisha 8 mwaka 1920. Mpango wa 1919 uliwagawia ardhi askari wa kizungu waliostaafu, na sehemu yake ilichukuliwa kutoka kwa Wanandi, ambao vijana wao walikuwa wamepigana katika jeshi la King's African Rifles. Kipande, yaani kitambulisho cha kazi ambacho mwanamume Mwafrika alilazimishwa kubeba, kilichopitishwa kisheria mwaka 1915, kilianza kutumika baada ya vita, na mzoefu wa kuorodhesha wapagazi hakuhitaji kufundishwa namna ya kuorodhesha vibarua wa mashamba. Mishahara ya wapagazi waliokufa, ambayo ndugu zao hawakujulikana au hawakutafutwa, ilijadiliwa kwa miaka mingi kati ya Nairobi na London. Pendekezo la kuitumia kwa manufaa ya Waafrika halikukubaliwa. Harry Thuku alipoanza kuhutubia mwaka 1921 juu ya kodi, kipande na mishahara, hadhira yake ilikuwa tayari. Alikamatwa Machi 1922, Muthoni Nyanjiru akawakebehi wanaume waliokuwa wakisitasita mbele ya kituo cha polisi, na risasi zikapigwa. Serikali ilikiri vifo 21.

Upande wetu wa mpaka, Mkataba wa Versailles ulitiwa saini tarehe 28 Juni 1919, miaka mitano kamili baada ya Sarajevo. Ruanda na Urundi zilikwenda kwa Wabelgiji, pembe ndogo ya Kionga ikaenda kwa Wareno, na sehemu kubwa iliyobaki ikaitwa Tanganyika mwaka 1920 na kuwekwa mwaka 1922 chini ya udhamini wa Uingereza kwa niaba ya Ushirika wa Mataifa. Mwaka huo huo, mjini Tanga, Martin Kayamba na watumishi wenzake wa serikali waliunda chama chao, mmoja wa mizizi ya vyama vya siasa vya baadaye. Masharti ya udhamini, kwa kukumbuka yaliyotokea, yaliizuia Uingereza kuunda jeshi la wenyeji isipokuwa kwa kazi ya polisi na ulinzi wa nchi yenyewe. Vita ya pili ilipozuka mwaka 1939, tafsiri ya neno ulinzi ilinyooshwa ikafika mbali: Watanganyika wapatao 87,000 walichukuliwa jeshini kabla vita haijaisha, na wengi wao walipigana Ethiopia, Madagaska na Burma.